Gurudumu la Nne

Nilimaliza saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia.
Nati ishirini na nne, nimezikaza kwa spana ya msalaba,
kila moja mpaka bega likasema basi.
Matairi ya majira ya joto nikayapanga ghalani,
moja juu ya jingine, kama sahani za wageni walioondoka.

Nikawasha gari.
Taa ya njano ikafumbua jicho kwenye dashibodi:
kiatu cha farasi, na ndani yake alama ya mshangao.

Nikashuka. Nikapima kwa geji.
Thelathini na tano. Thelathini na tano. Yote manne.
Nikarudi kitini, nikaiambia: Yamejaa, bibi wee.
Taa haikupepesa.

Wendell, jirani, ndiye aliyeniuzia magurudumu haya,
yametoka kwenye gari la mwanawe lililoingia mtaroni.
Alikuja na kikombe cha kahawa na utepe mweusi.
"Bandika hapa," alisema. "Mimi yangu sijaiona tangu mwaka juzi."
Nikabandika.
Kipande cha ukubwa wa ukucha, na gari zima likanyamaza.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki:
gari halikuwa likisema uongo.
Ndani ya kila ringi, kwenye shina la vali,
kuna kisikio kidogo, betri yake kama kifungo cha koti,
kinanong'ona jina lake hewani.
Gari langu lilikuwa likiita majina manne
na wenye majina wako ghalani, wamelala chini ya turubai.
Haya mapya yalikuwa yakiitika, yakiitika,
lakini nani hufungua mlango usiku
kwa sauti asiyoijua?

Wiki mbili nikaenda hivyo, macho barabarani, raha mustarehe.
Kisha nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Baridi hula upepo wa tairi; hilo kila mtu wa Dauphin analijua
kama anavyoijua bei ya ngano.
Nilikuwa nimebeba marobota ya nyasi, ya ng'ombe wa dada yangu Halyna,
na kabla sijafika Gilbert Plains
usukani ukaanza kuniomba kitu mkono wa kushoto.
Ombi dogo tu. Kama mtoto anayevuta pindo la koti.
Nikaegesha. Tairi la mbele limekaa chini kabisa,
tumbo limemwagika kwenye barafu.
Nikautazama utepe mweusi.
Ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa.

Bohdan aliliziba tundu bila kunisema.
Kisha akatoka na kifaa mfano wa rimoti, akachuchumaa.
Mbele kushoto. Honi: pii.
Mbele kulia: pii.
Nyuma kulia: pii.
Alikuwa akiwatambulisha, mmoja mmoja,
kama watu wa upande wa mume siku ya posa.
Nyuma kushoto:
theluji tu, ikiteleza kutoka kwenye mabati.
Akarudia. Akakigonga kifaa pajani. Akarudia.
"Huyu bubu," alisema. "Betri imekufa.
Dola tisini na tano, pamoja na kulivua tairi."
Nikahesabu marobota kichwani. Nikasema, mwache.

Kwa hiyo kila asubuhi taa humetameta dakika nzima,
kisha hutulia, ikakesha nami mpaka ninapokwenda.
Sijaifunika tena.
Nashika tochi kwa meno, nazunguka nyuma kushoto,
napiga goti kwenye barafu
na kumuuliza yeye peke yake.
Jana thelathini na tatu. Leo thelathini na mbili.
Kifuniko cha vali kiliniponyoka vidoleni, kikazama thelujini,
nikakitafuta mpaka nikaacha kuvihisi vidole.
Nimeliziba lile tundu
kwa kile kile kipande cha utepe.